Tuliyoyanyamazia Majumbani Mwetu

(Hotuba iliyotolewa Wete, kisiwani Pemba, mbele ya wazee, akina mama na vijana, katika msimu wa karafuu. Imeandikwa upya na mzungumzaji mwenyewe.)

Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Waheshimiwa masheha mliohudhuria, wazee wangu, mama zangu, ndugu zangu na wanangu. Nakushukuruni kwa kuyaacha majamvi yenu wakati kama huu, karafuu ikiwa imeanikwa na wingu halina ahadi, mkaja kumsikiliza mwanamke aliyestaafu uuguzi akizungumza juu ya siasa. Najua wapo waliojiuliza muuguzi ana lipi la kusema kuhusu siasa. Kwa miaka 32, tangu 1986 hadi 2018, nilifanya kazi katika vituo vya afya vya kisiwa hiki, na katika miaka hiyo siasa iliingia chumbani kwangu karibu kila wiki, ila haikuingia kwa jina lake. Iliingia ikijiita presha, ikijiita vidonda vya tumbo, ikijiita kichwa kizito, moyo kwenda mbio, usingizi kupotea. Nilipima, nikaandika, nikatoa vidonge. Ilinichukua miaka mingi kujifunza kwamba baadhi ya watu waliokaa mbele yangu hawakuwa na maradhi ya kuandikwa kwenye daftari, bali walikuwa na maneno ambayo hawakuwa na pa kuyapeleka.

Nitaanza na mgonjwa mmoja, ambaye sitamtaja jina wala kijiji. Ilikuwa mwanzoni mwa mwaka 1996, miezi michache baada ya uchaguzi wa kwanza wa Rais wa Zanzibar tangu kurejeshwa mfumo wa vyama vingi, ule ambao Dk. Salmin Amour alitangazwa mshindi kwa asilimia 50.2, na Maalim Seif Sharif Hamad akapewa asilimia 49.8. Tofauti ilikuwa nyembamba kama uzi, na kila upande ulirudi nyumbani na hakika yake moyoni: mmoja una hakika kwamba umeshinda, mwengine una hakika kwamba umedhulumiwa. Mama huyu alikuja kwangu mara nne katika miezi miwili akisema kifua kinambana. Mara tatu nilimpima, sikuona kitu, nikampa dawa ya maumivu akaondoka. Mara ya nne nilifunga mlango, nikakivuta kiti changu upande wake, nikamuuliza, "Dada yangu, nyumbani kuna nini?" Akalia kwa muda mrefu kabla ya kutamka neno. Kisha akanieleza kwamba mumewe amempa talaka kwa sababu kaka zake walikataa kubadilisha chama, kwamba watoto wamebaki kwa baba yao, na kwamba kila aliyemwendea kumueleza, kuanzia mama yake mzazi hadi jirani yake wa ukuta mmoja, alimjibu kwa neno moja: subiri.

Sina ugomvi na subira. Nimelelewa nayo, na bila ya hiyo nisingesimama hapa. Lakini naona kwamba sisi watu wa visiwa hivi tumeibebesha subira mzigo usiokuwa wake. Mtu akiachwa, akifiwa, akinyimwa haki yake au akipoteza kazi, tunamwambia asubiri, na mara nyingi tunachokitaka ni kwamba anyamaze, kwa kuwa maneno yake yanatutia dhiki sisi tunaosikiliza. Kisa cha Nabii Yaakub tumekisoma sote tangu chuo cha Qurani. Ndiye aliyeitamka subira njema siku alipoletewa kanzu ya Yusuf ikiwa na damu ya uongo, na ni yeye huyohuyo aliyelia mpaka macho yake yakaingia weupe, na wanawe walipomlaumu kwamba haachi kumtaja Yusuf, akawajibu kwamba huzuni yake anamshitakia Mwenyezi Mungu. Alisubiri na alisema. Alisubiri na alilia, na wanawe walimsikia. Sijui sisi tumeipata wapi subira ya kuuma meno.

Tunalo na neno jengine tunalolithamini, nalo ni sitara. Ni neno zuri. Sitara ni nguo unayomvika mwenzako ili aibu yake isionekane na watu. Lakini kila muuguzi anajua nini hutokea jeraha lenye usaha linapofunikwa nguo safi kabla ya kusafishwa: kwa siku mbili tatu linapendeza kutazama, na baada ya hapo harufu inaijaza nyumba nzima. Wahenga waliosema kwamba mficha maradhi kilio humfichua hawakuwa wakizungumzia homa peke yake.

Sasa niruhusuni nirudi nyuma kidogo, kwa sababu ukimya wetu una historia, na kijana asiyeijua historia hiyo atadhani wazee wake ni wagumu wa tabia tu. Wazee waliotutangulia waliiita miaka ya kuanzia uchaguzi wa kwanza wa 1957 hadi 1963 kuwa ni zama za siasa, na walipoyataja maneno hayo sauti zao zilishuka. Katika zama hizo watu walisusiana maduka, walisusiana mabasi, walisusiana harusi na hata mazishi, kwa sababu huyu ni wa chama cha Hizbu na yule ni wa chama cha Afro-Shirazi. Juni 1961, katika fujo za siku za uchaguzi kule Unguja, watu 68 walipoteza maisha. Miaka miwili na nusu baadaye ukaja uhuru wa tarehe 10 Disemba 1963, na mwezi mmoja baada ya hapo yakaja Mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964. Kila nyumba iliyapokea kwa namna yake: ipo iliyopata ardhi na heshima ambayo haikuwahi kuwa nayo, na ipo iliyopoteza watu na mali. Nyumba hizo mbili zimekuwa majirani kwa zaidi ya miaka 60, zinakopeshana chumvi na zinaoana, na nyingi kati yao hazijawahi kukaa zikaelezana ni nini hasa kiliipata kila moja. Watoto wamerithi hasira, ila kisa chenyewe hawakuhadithiwa.

Kwa hivyo vyama vingi viliporudi mwaka 1992, tuliukuta moto chini ya majivu. Wenye umri wangu mnakumbuka hapa Pemba ilikuwaje baada ya 1995. Mtu alipita mbele ya duka la jirani yake akaenda kununua kibiriti kijiji cha pili. Watu wa mtaa mmoja walisali misikiti tofauti. Kwangu mimi, kipimo cha maradhi yetu kilikuwa karafuu. Tangu kimbunga cha 1872 kilipoiangusha mikarafuu ya Unguja, kisiwa hiki ndicho kilichobeba zao hilo, na kazi yake haijapata kuwa ya mtu mmoja. Karafuu ikishachumwa haingoji. Ni lazima ichambuliwe usiku uleule, itenganishwe na makonyo, ili asubuhi ikute jua. Ikikaa kwenye polo, yaani gunia, inachemka, inapauka rangi, na bei yake inaanguka. Ndiyo maana tangu utoto wetu usiku wa kuchambua ulikuwa usiku wa mtaa mzima: taa ya kandili katikati, watu kulizunguka jamvi, mikono ikifanya kazi yenyewe na ndimi zikiwa huru. Pale ndipo msichana alipomueleza shangazi yake asiloweza kumueleza mama. Pale ndipo mzee alipoungama kwamba anaogopa kufa. Mtu akiwa na kazi mkononi hulazimiki kumtazama usoni, na jambo zito hutoka kwa wepesi zaidi. Katika miaka ile ya kususiana, jamvi lilipungua watu. Nimeona kwa macho yangu familia ya watu wanne ikichambua peke yake mpaka alfajiri, huku majirani wamezima taa zao mapema ili wasionekane wako macho.

Yaliyofuata mnayajua. Januari 2001 palitokea maandamano na risasi katika miji yetu, watu wakauawa hapa kisiwani, na zaidi ya watu 2,000 wakakimbilia Shimoni, Kenya. Oktoba mwaka huohuo vyama viwili vikubwa, CCM na CUF, vikatia saini makubaliano yaliyoitwa Muafaka wa pili, kwa kuwa ule wa 1999 haukutekelezwa. Miaka minane ikapita kabla ya tarehe 5 Novemba 2009, pale Rais Amani Abeid Karume na Maalim Seif walipokutana Ikulu, wakazungumza wawili, na baada ya mazungumzo yale ikapatikana kura ya maoni ya tarehe 31 Julai 2010, ambapo asilimia 66.4 ya waliopiga kura waliikubali Serikali ya Umoja wa Kitaifa. Nilipiga kura siku ile. Nilirudi nyumbani nikiwa na furaha ambayo sikuwahi kuipata katika jambo lolote la serikali. Uchaguzi wa mwaka ule ulipita kwa amani, na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu ya kazi, wiki ya uchaguzi haikuniletea wagonjwa wa kifua.

Halafu ukaja uchaguzi wa tarehe 25 Oktoba 2015, matokeo yakafutwa siku tatu baadaye, uchaguzi ukarudiwa Machi 2016, na hapa Pemba watu wakaanza tena kususiana. Nimelifikiri sana jambo hili. Inakuwaje maridhiano yaliyopita kwa kura nyingi namna ile yayeyuke katika majirani ndani ya miezi michache? Wengine watasema sababu ni viongozi, na sitawapinga, kwa kuwa aliyeko juu akitikisa, wa chini huanguka. Lakini naamini kuna sababu ya pili iliyo mikononi mwetu. Maridhiano yale yalifanywa na viongozi kwa niaba yetu, nasi tukayashangilia, kisha tukarudi majumbani bila ya kufanya ya kwetu. Wao walikaa wawili wakaambiana yaliyowasibu. Ni mimi na nani tuliokaa? Ni jirani yupi aliyemfuata jirani yake akamwambia, "Siku ile ulipokataa kuniuzia unga, watoto wangu walilala na njaa"? Tuliyaruka hayo. Tulipeana mikono, tukasema yamekwisha, na yaliyokwisha kwa kutamkwa kuwa yamekwisha hurudi mlango ukigongwa.

Nisije nikaonekana nawasema wengine. Mwaka 1997, katika kituo nilichokuwa nikifanya kazi, alikuja mwanamke mwenye mtoto mwenye homa. Nilimjua, nilikijua chama chake, na nilikumbuka maneno aliyoyatamka mumewe mkutanoni. Foleni haikuwa ndefu. Nilimweka mwisho. Nilimwita mtu aliyekuja baada yake, kisha mwengine, na yeye akakaa kimya amempakata mtoto, akinitazama kwa macho ya mtu anayejua anachofanyiwa. Mtoto alipona, namshukuru Mwenyezi Mungu, lakini zile saa mbili nilizomkalisha pale hazijaniondoka. Mwaka 2012 nilikwenda kwake, nikakaa barazani, nikamwambia nilichofanya na nikamuomba radhi. Aliniambia, "Nilikuwa nangoja useme." Miaka 15 alikuwa akingoja, na kila tulipokutana sokoni tulikuwa tukisalimiana vizuri kabisa, tukiulizana habari za watoto.

Hayo ndiyo mazungumzo ya siasa ninayoyaombea nafasi. Tunaposema tuzungumze kwa uwazi, wengi wetu tunafikiri kwamba uwazi ni kumwambia mwenzako makosa ya upande wake, na katika hilo hatuhitaji kufundishwa, maana kila kijiwe kina mabingwa wake. Uwazi ninaouzungumzia unaanza na makosa ya upande wako, na hasa yale uliyoyatenda wewe kwa mkono wako, mahali na siku. Hausemi kwamba wote tulikosa sawa, kwa kuwa si kweli kwamba wote tulikosa sawa. Wapo waliopoteza watoto na wapo waliopoteza usingizi tu. Wala haumzuii mtu kudai haki yake kwa mujibu wa sheria. Mwenye kudai na adai. Ninachosema ni kwamba dai likiwa mahakamani au kwenye vikao vya viongozi, jirani bado yuko ukutani kwako, na kesho mtazikana.

Tunaweza kuwa watu wema kwa namna ya ajabu, na nimeiona. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, MV Spice Islander iliyobeba ndugu zetu kutoka Unguja kuja huku ilizama katika mkondo wa Nungwi ikiwa imejaza kupita kiasi. Wavuvi waliingia baharini na vyombo vyao usiku ule, akina mama walitoa kanga na mablanketi, na katika siku zote zile za kuopoa, kutambua na kuzika sikumsikia mtu akiuliza maiti huyu alikuwa wa chama gani. Tuliinua majeneza pamoja. Mwaka uliofuata, Julai 2012, ilipozama MV Skagit, tulifanya hivyohivyo. Lakini niseme na yaliyokuja baadaye, kwa sababu hakuna mtu anayeyazungumza. Kwa muda wa miaka miwili mitatu nilikuwa napokea wanaume, watu wazima wenye misuli, waliokuja kulalamika mgongo. Mmoja alikuwa amepoteza mke na watoto katika ajali ile. Hakuniambia halali usingizi, hakuniambia kwamba akisikia mawimbi usiku anatoka nje na kukaa mpaka asubuhi. Aliniambia mgongo. Mwanamme wa kwetu anaruhusiwa kuumwa mgongo.

Wanangu mlioko nyuma, mambo yenu yana sura nyingine, nami sitaki kuwafanya kama kwamba dhiki zenu ni kivuli cha zetu. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 1,303,569 Zanzibar nzima, na sensa ya 2022 ikahesabu 1,889,773. Ardhi ni ileile. Mkarafuu wa babu sasa una wajukuu 20 wanaoungoja. Mnamaliza skuli mkiwa na vyeti, mnavuka kwenda Unguja kutafuta kazi za hoteli huko mashamba ya pwani, au mnakwenda Bara, Mombasa, Arabuni, na kila wiki mnapigiwa simu na nyumbani mkitakiwa mtume kitu. Mwengine anajibu kwamba mambo mazuri, kisha anakwenda kukopa kwa riba inayomkausha damu ili atume, kwa sababu kusema "mwezi huu sina" ni kama kukiri kwamba safari imeshindwa. Mama zenu wa mwani kule Unguja, na huku pia, wameyaona maji yakizidi joto na ule mwani wa bei nzuri ukioza kwenye kamba, na nao wanasema mambo mazuri. Nyumba nzima inadanganyana kwa mapenzi.

Halafu ipo simu. Sitailaani, kwa sababu kwa simu hiyo namuona mjukuu wangu aliye mbali. Lakini nimeyaangalia magomvi ya kwenye makundi ya WhatsApp nikayalinganisha na magomvi ya barazani, na nimeona baraza ilijengwa na watu waliojua wanachokifanya. Barazani huwezi kuanza ugomvi kabla ya salamu. Unauona uso wa mwenzako, unaona neno lako limemuingia wapi. Yupo mzee wa kusema "basi, hilo limetosha". Kahawa inapita, na mkono uliopokea kikombe unashindwa kidogo kunyoosha kidole. Adhana ikisikika, mjadala unakatika kwa lazima, mnasimama safu moja bega kwa bega, na mkirudi hasira imepoa. Kwenye simu hakuna hata kimoja katika hivyo. Mtu anaandika saa saba za usiku, peke yake kitandani, maneno ambayo asingethubutu kuyasema mchana, na yakisharushwa yanasomwa na watu 200 ambao hawakumuona akiyajutia. Asubuhi ndugu wa baba mmoja amejitoa kundini, na hapo ndipo undugu wenyewe unapoanza kuvunjika. Ombi langu ni dogo: jambo linalokupandisha damu, lihamishe. Mwambie mwenzako, "Hili tusiliandike, nakuja." Ukiwa umeshavaa viatu na kutembea mpaka kwake, nusu ya ulilotaka kumwambia utakuwa umeliacha njiani.

Kuna jambo jengine la kazi yangu ambalo lazima niliseme hapa hata kama litawatia baadhi yenu uzito. Huzuni inayodumu wiki baada ya wiki, inayomwondolea mtu hamu ya chakula, ya kazi, ya watoto wake, na hata ya ibada aliyokuwa akiipenda, ina jina: inaitwa sonona, na ni maradhi yanayotibika. Si udhaifu wa imani. Hatuoni haya kumpeleka mtu spitali kwa sukari, lakini jina la Kidongo Chekundu, iliko hospitali ya maradhi ya akili kule Unguja, tumelifanya kuwa tusi la watoto, na kwa tusi hilo tumewafungia mlango watu ambao wangepona. Na ukimuona mwenzako amekata tamaa ya maisha, amegawa vitu vyake, anazungumza kana kwamba hatakuwepo kesho, muulize waziwazi kama anafikiria kujidhuru. Watu huogopa kwamba swali hilo litamtia wazo ambalo hakuwa nalo. Halimtii. Aliye nalo hupata nafuu kwa kuwa hatimaye yupo aliyethubutu kulitaja, na asiye nalo atakwambia hapana. Ukishauliza, usimuache peke yake, na mpeleke kwa mtu wa afya siku hiyohiyo.

Katika kusikiliza, nilijifunza kwa kukosea. Nilikuwa nauliza "Hujambo?" naambiwa "Sijambo", nikaridhika, ilhali sote tunajua kwamba jibu hilo hutolewa hata na aliyelala kitandani hawezi kuinuka. Sasa nauliza mara ya pili, baada ya kimya kidogo, na mara ya pili ndiyo inayojibiwa. Nilikuwa namkatiza mtu kwa nasaha kabla hajafika nusu. Sasa nangoja. Na neno "subiri", ambalo ni neno la thamani, naliweka mwisho kabisa, baada ya mtu kwisha kusema na kulia, ili alichukue kwa hiari yake. Tena vikao ni amana. Wanawake wenzangu mnisamehe kwa hili: mtu hatafungua moyo wake jamvini usiku kama anajua kwamba asubuhi atausikia kisimani. Nimewahi kuvujisha siri ya mtu nikidhani ninamuombea dua, na tangu siku ile hakurudi kwangu tena.

Nimalizie na jambo la nyumbani kwangu, ambalo nimelibeba tangu 1999. Mimi nina dada mmoja, mkubwa wangu, tuliyenyonya ziwa moja. Mume wangu alikuwa wa chama kimoja na mume wake alikuwa wa chama chengine, nasi tukawafuata, na tangu mwaka 1995 tukaacha kuingiliana. Mwaka 1999 mama yetu akafariki. Kwa mujibu wa dini, sisi wanawe ndio tuliostahiki kumuosha, na tukamuosha. Yeye alisimama upande wa kulia na mimi upande wa kushoto. Tulipeana maji, tukapeana sabuni, tukamgeuza mama kwa upole kama alivyokuwa akitugeuza sisi, na mpaka tunamaliza kumvisha sanda hatukusemezana hata neno moja. Siku ya tatu zikasomwa hitima mbili, moja kwake na moja kwangu, saa moja na ileile, na watu wa mtaa ikabidi wachague wapi waende kumuombea maiti mmoja.

Mwaka 2002, baada ya Muafaka, usiku mmoja wa msimu kama huu, nilikuwa uwanjani kwangu nachambua. Dada yangu akatokea, akavua viatu, akakaa jamvini, akavuta fungu mbele yake, akaanza kazi. Aliniambia, "Nisogezee taa." Hayo ndiyo maneno yaliyoturudisha. Tangu hapo tunakwenda kwa kila mmoja, tunakula pamoja sikukuu, wanetu wameoana. Lakini siku ile ya mama, na zile hitima mbili, hatujapata kuzitaja, yeye wala mimi. Tumezizunguka kwa zaidi ya miaka 20 kama watu wanaozunguka kisima kilichofunikwa makuti.

Mwezi uliopita nilikwenda kumwambia kwamba nimeitwa kuzungumza hapa na kwamba nataka kulisema hili, na kwamba akikataa sitalisema. Alikaa muda. Akaniambia, "Sema, lakini useme na mimi nipo." Yupo. Amekaa safu ya pili, mwenye ukaya mweupe. Dada yangu, nilikosa siku ile, nilisikia umeingia chumbani nikageuza uso wangu ukutani kabla hujasema salamu, na nadhani ungelisema. Nakuomba radhi mbele ya hawa waliolazimika kuchagua hitima. Kipaza sauti hiki nakileta ulipokaa. Ukitaka kukitumia, kitumie, na usipotaka, nitakaa hapo ubavuni mwako.